Bawabu wa Mlangoni: Mwili Huweka Wapi Kumbukumbu ya Maradhi?

Swali moja limekuwa likitufikia kila mara: mtoto akishadungwa sindano ya polio, yale matone ya mdomoni ni ya nini tena? Tumeona swali hili lastahili jibu lililokamilika. Jibu lenyewe limefungamana na jambo ambalo wataalamu wamelifahamu vizuri katika miaka 25 hivi iliyopita, nalo ni mahali ambapo mwili huweka kumbukumbu ya maradhi.

Tuanze na jambo ambalo wengi wamelishuhudia. Wako watu ambao wakimeza dawa fulani, aghalabu zile za salfa, hutokwa na doa mahali pamoja, tuseme kwenye mdomo au mkononi. Doa huwasha, hufura, kisha huacha alama nyeusi na kutulia. Miezi hupita. Siku mtu huyo akiimeza tena dawa ile ile, doa huamka pale pale baada ya saa chache. Dawa imepita tumboni, imeingia katika damu na kuzunguka mwili mzima. Kwa nini basi kipande kile cha ngozi ndicho kikumbuke, na kwingine kusahau?

Sababu ni kwamba chini ya alama ile zimekaa seli za kinga, yaani chembe hai za ulinzi, ambazo zilifika huko mara ya kwanza na hazikuondoka tena. Zaishi mle ngozini, zikimngoja aliyezitia vitani. Katika mfano huu zimekosea adui, na ndiyo maana aliyepatwa na hali hii yampasa amweleze daktari na aiepuke dawa hiyo. Lakini desturi ya seli hizi, ya kufanya makao mahali palipotokea vita, ndiyo inayotulinda na maradhi mengi kila siku bila ya sisi kujua.

Kwamba mwili una kumbukumbu si habari mpya. Mwaka 1846 surua ilizuka katika visiwa vya Faroe, kaskazini mwa bahari ya Atlantiki, na daktari kijana wa Denmark aitwaye Peter Panum akatumwa huko. Surua ilikuwa haijafika visiwani humo kwa miaka 65, tangu mwaka 1781. Panum aliona kwamba wazee walioiugua utotoni, katika mwaka huo wa 1781, hawakuguswa na ugonjwa, ilhali watu wa rika lao waliokosa kuugua wakati ule waliugua sasa. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwili nao una mshtuko wake, na waweza kuuhifadhi umri mzima.

Swali lililobaki ni wapi mshtuko huo huhifadhiwa. Kwa muda mrefu wataalamu waliutafuta katika damu, kwa kuwa damu ndiyo rahisi kuchotwa. Ili tufahamu walichokikosa huko, yatubidi tuifuate seli moja safarini mwake.

Seli tunazozizungumzia huitwa seli T. Huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, hulelewa katika tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, kisha huachiliwa katika damu. Kila moja imeumbwa kutambua umbo moja, na nyingi hazitakutana kamwe na umbo hilo. Seli changa namna hii haina makao. Hushinda ikizunguka baina ya damu na tezi za limfu, zile ambazo zikivimba kinenani au kwapani twaziita mitoki.

Maradhi yanapoingia, habari hupelekwa na wapelelezi waitwao seli za dendriti. Aliyezitambua ni Ralph Steinman, pamoja na Zanvil Cohn, mwaka 1973 huko New York. Kazi hiyo ilimpatia Steinman tuzo ya Nobel iliyotangazwa mwaka 2011, siku tatu baada ya kufariki kwake, kamati ikiwa haijapata habari ya msiba. Seli ya dendriti humeza vipande vya adui, huondoka katika ngozi au utumbo, na kufuata njia ya limfu hadi tezi iliyo karibu. Huko huvionyesha vipande vile kwa maelfu ya seli T zinazopita. Ile ambayo umbo lake lalingana na kipande huamka na kujigawa, moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, hadi baada ya siku chache ni jeshi. Mtoki unaovimba ni dalili ya kazi hiyo.

Mpelelezi huyo haleti habari ya adui peke yake. Huleta pia anwani ya mlango alikotokea. Seli T iliyofunzwa na mpelelezi wa ngozini hutoka tezini ikiwa na alama za kuitambulisha katika mishipa ya ngozi. Iliyofunzwa na mpelelezi wa utumboni hupata alama za utumbo, na hapa pana jambo la kuwapendeza akina mama: wapelelezi wa utumboni hutumia vitamini A itokayo katika chakula ili kutengeneza kitu kinachozipa seli T alama hizo. Vitamini A ambayo watoto wetu hupewa zahanati kila miezi sita yasifika kwa faida ya macho. Tujue kwamba inayo kazi katika ulinzi wa tumbo pia.

Seli zikishapewa anwani huingia katika damu na kwenda zao. Mahali palipo na vita, mishipa midogo ya damu huota vishikizo ndani yake. Seli yenye alama inayofaa hunasa hapo, hubiringika kidogo, hutulia, kisha hujipenyeza katika ukuta wa mshipa na kuingia ndani ya tishu. Hupigana. Adui akishashindwa, zaidi ya 9 katika kila 10 ya seli zile hufa, kwani mwili hauwezi kulisha jeshi la vita wakati wa amani. Katika chache zinazobaki, baadhi hurudi kuzunguka katika damu kama askari wa doria. Nyingine hubaki pale pale mlangoni, nazo ndizo tunazoziita bawabu.

Hubaki vipi? Kubaki kwataka mambo matatu. La kwanza ni kuziba masikio. Damu na limfu zina mafuta fulani, S1P kwa jina la kitaalamu, ambayo huzivuta seli zitoke katika tishu na kurejea katika mzunguko. Seli iliyoazimia kubaki huvaa protini iitwayo CD69, nayo hukiondoa juu ya seli kile kipokezi cha kuusikia mwito huo. La pili ni kushika. Tishu yenyewe hutoa dutu iitwayo TGF-beta, na seli ikiipata huota mkono uitwao CD103, ambao hushikamana na protini ya kadherini iliyo juu ya seli za utando wa nje wa ngozi, utumbo na njia za pumzi. La tatu ni riziki. Bawabu hulishwa na mahali alipo: tishu humtolea vichocheo vya kumdumisha, na katika majaribio ya panya imeonekana kwamba seli zilizokaa ngozini hujizoeza kutumia mafuta yaliyomo ngozini ili ziishi. Kwa hiyo ngozi humfanya bawabu wa ngozi, na utumbo humfanya bawabu wa utumbo.

Yamejulikanaje haya? Mwaka 1999 Federica Sallusto na Antonio Lanzavecchia walionyesha kwamba seli T za kumbukumbu si za aina moja, kwani ziko zinazopenda tezi na ziko zinazoelekea kwenye tishu. Mwaka 2001 David Masopust na wenzake walionyesha katika panya kwamba seli hizo zimejaa hata katika viungo visivyo tezi. Kisha mwaka 2009 Thomas Gebhardt, Francis Carbone na wenzao huko Melbourne, Australia, walichukua kipande cha ngozi ya panya aliyepona malengelenge ya virusi na kukipandikiza kwa panya mwingine. Seli za kumbukumbu zilibaki katika kipande kile, na ziliweza kumzuia virusi papo hapo. Mwaka 2012 watafiti wengine waliunganisha panya wawili ili damu yao iwe moja. Seli za doria zilichanganyika, lakini bawabu wa ngozini hawakuhama.

Kwa binadamu, mwaka 2006 Rachael Clark na wenzake huko Boston walikadiria kwamba ngozi ya mtu mzima ina seli T zipatazo bilioni 20, takriban maradufu ya zile zilizomo katika damu yake yote. Wagonjwa waliopandikizwa mapafu nao walitoa ushahidi wao, kwani seli T za aliyetoa pafu zilionekana zikiishi humo zaidi ya mwaka mmoja ndani ya mwili wa mtu mwingine. Hivyo mtu anayepimwa damu peke yake ni kama nyumba iliyohesabiwa walio barazani, wa ndani wasihesabiwe.

Faida ya bawabu ni wepesi. Askari walio tezini huhitaji siku kadhaa ili waamke, wazaane na kusafiri. Bawabu humtambua adui kwa saa chache, hupiga mbiu, na mbiu hiyo huzifanya seli za jirani zifunge milango na mishipa ya damu ilete msaada. Mara nyingi maradhi humalizwa kabla mtu hajahisi lolote.

Bawabu hata hivyo hawalingani kwa umri. Wa ngozini hudumu sana. Wa mapafuni, angalau katika panya waliougua homa ya mafua, hupungua baada ya miezi. Na jambo kubwa kuliko yote kwetu ni hili: bawabu huwa wengi zaidi pale palipofunzwa somo. Basi mlango ambao chanjo hupitia una uzito wake.

Wazee wetu waliochanjwa ndui wana kovu begani, kwa kuwa chanjo ile ilichomwachomwa juu juu ya ngozi kwa sindano ya ncha mbili. Kabla ya hapo kulikuwa na njia ya kale zaidi. Mwaka 1717 Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza katika dola ya Uthmaniya, aliwaona wanawake wazee huko wakiwachanja watu kwa kutia usaha wa ndui katika mikwaruzo ya ngozi, na mwaka 1721 akaifanya njia hiyo ijulikane London kwa kumchanjisha bintiye. Wanawake wale hawakuwa na hadubini, lakini mlango waliouchagua ulikuwa mwema. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walionyesha katika panya kwamba chanjo ya jamii ya ndui ikikwaruzwa juu ya ngozi huleta ulinzi wenye nguvu kuliko ikidungwa ndani ya mwili.

Chanjo ya kifua kikuu, BCG, ambayo watoto wetu hupewa mkononi wakizaliwa, imetoa somo kama hilo. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba nyani waliotiwa BCG katika mshipa wa damu walipata seli T nyingi za kumbukumbu mapafuni, na 9 kati ya 10 walilindika vikali, kuliko waliochanjwa ngozini. Njia hiyo haijaruhusiwa kwa binadamu, na hakuna amwombaye muuguzi aitumie. Twaitaja kwa sababu chanjo ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mlango.

Sasa tumefika kwenye polio. Virusi vya polio huingia kwa mdomo, huzaana kooni na utumboni, na hutoka na choo kuingia katika maji na mikono ya watu. Wengi walioambukizwa hawahisi kitu. Mmoja katika kila 200 hupooza, na kupooza huko hakuponi. Sindano ya polio huijaza damu kingamwili, na kirusi kikijaribu kutoka utumboni kwenda kwenye mishipa ya fahamu hukamatwa njiani. Mtoto hapoozi. Lakini utumbo wake haukufunzwa vya kutosha, na virusi vyaweza kuzaana humo na kumfikia mtoto wa jirani. Matone hupita njia ile ile ya adui. Hufunza utumbo, na seli za kinga zinazokaa katika kuta za utumbo hutoa kingamwili mahali penyewe pa hatari. Mafunzo hayo hufifia kadiri muda unavyopita, na ndiyo sababu matone hurudiwa.

Mwaka 2013 ulitupa mifano miwili. Huko Israel, ambako tangu 2005 watoto walikuwa wakipewa sindano bila matone, virusi vya polio vilionekana katika maji taka ya Rahat, mji wa Waarabu wa Kibedui katika jangwa la Naqab. Hakuna mtoto aliyepooza, kwani sindano ilifanya kazi yake. Hata hivyo virusi vilikuwa vikipita kutoka utumbo mmoja hadi mwingine kimya kimya, ikabidi watoto wapewe matone ili mlango ufungwe. Mwaka huo huo virusi hivyo, kwa njia nyingine, viliingia Somalia, ambako watoto wengi hawakuwa wamechanjwa kwa sababu ya vita. Watu 194 walipooza. Virusi vikavuka mpaka hadi kambi za Dadaab, Kaunti ya Garissa, na nchini mwetu wakapooza watu 14.

Katika kampeni ya kuuzima moto huo huko Somalia alikuwamo mtu mmoja ambaye jina lake lastahili kukumbukwa. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, mwambao wa Somalia. Mwezi wa Oktoba 1977 aliugua ndui, akawa mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa uchungu wa sindano. Alipona, na baadaye akajitolea kwenda kwa wazazi na kuwasimulia yaliyompata ili wasiwanyime watoto wao chanjo ya polio. Alifariki kwa malaria mwezi wa Julai 2013, akiwa katika kazi hiyo.

Haki yatutaka tuseme na la upande wa pili. Matone yana virusi vilivyodhoofishwa. Vikizunguka kwa muda mrefu katika mtaa ambao watoto wengi hawakuchanjwa, mara chache vyaweza kubadilika na kurudiwa na nguvu. Huzuiwa kwa kuwachanja watoto wote, visipate pa kuzunguka. Anayemficha mtoto chumbani kwa kuihofia hatari hiyo ndiye anayeifungulia njia.

Surua nayo yahusika hapa kwa sababu ya uovu wake wa pekee. Virusi vyake huzishambulia seli za kumbukumbu zenyewe. Mwaka 2019 watafiti waliwapima watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, kabla na baada ya kuugua surua, wakaona wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya maradhi mengine. Mtoto hupona upele, nao mwili wake umesahau maadui aliokwisha kuwashinda. Chanjo ya surua haileti usahaulifu huo.

Na asiyeweza kupewa chanjo nyingi, yaani kitoto kichanga, ameandaliwa njia yake. Wakati wa mimba na kunyonyesha, baadhi ya seli zilizofunzwa utumboni mwa mama husafiri hadi matitini na kufanya makao humo, zikitia kingamwili katika maziwa. Maradhi ambayo tumbo la mama limeyajua, maziwa yake humlindia mwanawe. Kwa hiyo mama anyonyeshaye huendelea kumlinda mtoto katika miezi ambayo mabawabu wake mwenyewe bado wanaandikwa kazi.

Tuyafupishe kwa matendo. Katika nchi yetu matone ya polio hutolewa mtoto anapozaliwa, kisha katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Katika wiki hiyo ya 14 hupewa sindano ya polio pamoja na matone, na moja haiondoi haja ya nyingine. Chanjo ya surua hutolewa katika miezi 9 na hurudiwa katika miezi 18, na hii ya pili ndiyo inayosahauliwa sana, kwa kuwa mtoto amekwisha kukimbia na mama amepata shughuli nyingine. Leo jioni, kila nyumba iliyo na mtoto wa chini ya miaka mitano na ifungue kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Nafasi iliyo wazi isiwe sababu ya kuona haya, kwani muuguzi atawaeleza namna ya kuijaza. Akina baba nao wasiliachie jambo hili mikono ya wake zao peke yao. Nauli ya zahanati na muda wa kungoja foleni ni sehemu ya malezi.